Makochi Yaliyokwenda Kasansa

Kundi la familia kwenye simu lina watu kumi na wanne, na kuhusu makochi ya marehemu Mama mdogo Restituta lina maoni kumi na tisa. Deo, mwanawe wa kwanza, yuko Dodoma na anataka yatupwe, ziletwe sofa za kona zenye matundu ya kuwekea vikombe. Mdogo wake Leokadia anataka yavishwe kitambaa kipya, lakini kila nikimtumia picha za vitambaa anajibu baada ya siku mbili, na jibu lenyewe ni kidole gumba ambacho sijui kama ni cha picha ya kwanza au ya tatu. Yuko mmoja ambaye kila tukikaribia kuamua anaandika, "Tuendelee kumwombea mama yetu," na baada ya hapo hakuna anayethubutu kurudi kwenye habari ya makochi. Mimi nimeachiwa funguo za nyumba ya Shanwe, hapa Mpanda, kwa sababu naishi mtaa jirani, Nsemulwa, na kwa sababu nimestaafu ualimu, na watu wanaamini mstaafu hana shughuli. Kwa hiyo ni mimi ninayesimama sebuleni na fundi, yeye akilibonyezabonyeza kochi la watu watatu kama mganga wa ng'ombe, akiniuliza kwa mara ya tatu wiki hii, "Sasa mama, tunavua au hatuvui?" Nami kwa mara ya tatu namjibu asubiri, huku moyo unanichemka kama sufuria ya maharage, maana nilishawahi kuishi mwaka mzima ndani ya swali hilohilo, katika sebule hiihii, nikiwa na miaka kumi na tisa.

Mwaka huo nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nasubiri kuitwa chuo cha ualimu. Nilikaa Shanwe kwa Mama mdogo na mumewe. Yale makochi yalikuwa ya mninga, yamechongwa na fundi aliyejua kazi: moja la watu watatu, moja la wawili, na mawili ya mtu mmoja mmoja. Mbao zilikuwa nzima kabisa. Kilichokufa ni kitambaa. Kilikuwa cha rangi ya maziwa ya chai, kimechanika kwenye viti na kwenye mikono, sufi inachungulia, na upande wa kushoto wa lile la watatu ilitokeza springi ambayo tuliifahamu sote kama mtu wa nyumbani. Kazi yangu ya kwanza kila asubuhi, kabla ya kufagia, kabla hata ya kuwasha moto wa uji, ilikuwa kupanga vile vitambaa vya kufuma ili vizibe matundu. Nilivipanga kwa hesabu kali kuliko nilivyowahi kufanya hesabu shuleni. Kikubwa juu ya springi, viwili vya duara kwenye mikono, cha pembe nne pale Deo, wakati huo ana miaka mitatu, alipokuwa akichimba sufi kwa kidole. Saa nne vyote vilikuwa chini. Navipanga tena. Siku moja mwalimu wa kwaya alikuja kumsalimia Baba mdogo, akakaa upande wa kushoto kabla sijawahi kumwambia kitu, na alipoinuka tulisikia suruali inavyochanika. Mama mdogo hakushtuka. Alimpa kanga ajifunge, akamsindikiza hadi njiani, akarudi akaendelea kuchambua mchele.

"Mama mdogo," nilimwambia, "haya makochi yanatutia aibu."

"Yatatengenezwa," akasema. "Mwezi ujao."

Alisema mwezi ujao mwezi wa pili, na mwezi wa nne, na mwezi wa sita. Na si kwamba fundi hakuwepo. Alikuwepo Masanja, Msukuma mrefu aliyefika Mpanda akiswaga ng'ombe wa baba yake, akawaacha ng'ombe kwa kaka zake na kushika sindano. Wala si kwamba kitambaa hakikuwepo, ingawa miaka ile nguo za aina yoyote zilikuwa za kutafutwa kwa tochi. Masanja alikuwa na mtu wake aliyemletea vitambaa kutoka Kigoma, na kila alipopata kipande alikuja kwetu kwanza, kwa sababu Baba mdogo alikuwa ameshamwomba. Mara nne alikuja. Mara nne Mama mdogo alikikunjua kitambaa mapajani, akakivuta, akakinusa, akakipeleka mlangoni kukitazama juani. Cha kwanza kitachuja. Cha pili ni cha mapazia. Cha tatu kina maua makubwa mno, mgeni atadhani amekalia bustani ya watu. Cha nne, kitambaa cha heshima kabisa, rangi ya udongo, alikishika muda mrefu hadi nikaanza kumshukuru Mungu, kisha akakikunja vizuri na kumrudishia.

"Kizuri sana, fundi. Ila roho haijakipenda."

Masanja hakukasirika, alikuwa mtu wa subira. Aliyekasirika ni mimi. Nilikwenda jikoni nikatwanga karanga kwa nguvu hadi kinu kikahama mahali pake. Nilimwona mama huyu, ambaye angeweza kuamua mambo ya jumuiya nzima ya kanisa kabla chai haijapoa, kuwa ameshindwa na kitambaa. Baba mdogo ndiye aliyenionea huruma, au ndivyo nilivyodhani. Alikuwa karani wa ghala la mazao, mtu msafi, mashati yake nilikuwa nayapiga pasi ya mkaa mwenyewe. Wakati wa kula aliongea nami zaidi kuliko alivyoongea na mkewe. "Kalista mwanangu, wewe umesoma," angesema akimega ugali, "hebu mweleweshe mama yako. Nyumba ni sebule." Mama mdogo angemsogezea bakuli la kisamvu bila kumtazama. Baada ya chakula angefunga mfuko wake kwenda Kasansa, upande wa Mpimbwe, ambako alikuwa na shamba la mpunga. Mwaka ule mpunga wa Baba mdogo ulihitaji kupaliliwa hata katika miezi ambayo mpunga wa wenzake ulikuwa umeshavunwa na kukobolewa. Leo naliona jambo hilo kama mlima. Wakati ule nilikuwa na macho ya kuona springi tu.

Mwezi wa nane bibi aliugua Karema, na Mama mdogo akaenda kumuuguza, akamchukua Deo. Siku ya tatu Baba mdogo alinikuta napanga vitambaa. Akasimama mlangoni mikono nyuma.

"Kalista, unaonaje tukimshtukiza mama yako? Akirudi akute makochi mapya. Kijani kingependeza."

Sikumuuliza hata swali moja. Mtu akiwa amechoka na jambo hachunguzi mkono unaomsaidia. Nilikimbia kwa Masanja siku ileile. Kile kitambaa cha rangi ya udongo kilikuwa kimeshachukuliwa, ila alikuwa na kingine cha kijani kibichi, kizito, chenye mistari myembamba. Nikakichagua mimi. Masanja aliniuliza, "Mama mwenyewe kasemaje?" Nikamjibu kwamba mama mwenyewe tukimsubiri tutazeeka. Akanitazama kidogo, akachukua nyundo.

Kwa siku tisa alifanya kazi barazani kwetu, nami nikawa naye. Nilichomoa misumari nikiiweka kwenye kopo la maziwa. Nilichambua sufi, nikaianika juu ya magunia, nikapiga chafya hadi macho yakavimba. Ile springi aliing'oa mbele yangu, akafunga mpya, akanyoosha mikanda ya mpira chini yake na kuibonyeza kwa goti. Adhuhuri tulikula pamoja ugali na kambale mkavu, akinisimulia jinsi ng'ombe asivyo na shukrani. Nilijisikia mtu mzima. Makochi yalipoingia tena ndani, sakafu nyekundu nikiwa nimeipaka nta, nilikaa kila kiti kwa zamu, peke yangu, nikiwaza jinsi Mama mdogo atakavyoingia na kuweka mkono kinywani.

Yalikaa sebuleni siku mbili. Jumamosi asubuhi nilikuwa jikoni nasafisha uyoga niliposikia lori linarudi nyuma hadi mlangoni. Nikamsikia Baba mdogo anamwelekeza dereva. "Ukifika Kasansa usishushe kwa balozi wa nyumba kumi. Pita mashine ya kukoboa, nyumba ya pili, yenye bati jipya. Umwambie Editha kijani amekipata." Nilitoka na uyoga mkononi. Walikuwa wameshalipakia lile la watatu, limelazwa chali kama mnyama. Baba mdogo aliponiona alitabasamu. Akasema kuna ndugu yake ana sherehe ya kipaimara, yanaazimwa kwa siku chache tu, na mama yako akirudi yatakuwa yamesharudi. Nami, Mungu anisamehe, nilimsaidia kuyafunga kamba. Jumatatu yake akasafiri kikazi kwenda Sumbawanga kwa majuma mawili, akaniaga vizuri.

Mama mdogo alirudi Alhamisi. Nilimsikia anafungua mlango wa mbele. Nilipofika sebuleni alikuwa amesimama na Deo mgongoni, anatazama zile sehemu nne za sakafu ambazo nta yake haikuwa imekanyagwa. Nikaanza kueleza haraka haraka, kipaimara, kuazima, mshtukizo, Masanja. Akaniacha nimalize. Akamshusha mtoto.

"Nani alichagua kitambaa?"

"Mimi."

"Rangi gani?"

"Kijani."

Akaenda jikoni, akavuta kigoda, akakaa, akavua viatu. Miguu ilikuwa imevimba kwa safari. Nilimletea maji ya kunywa naye akayashika bila kunywa. Kisha akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayenieleza namna ya kuhifadhi mahindi, kwamba habari ya Kasansa alikuwa anaijua tangu mwaka uliopita. Kwamba yule bwana alikuwa ameshapeleka redio, akapeleka sufuria kubwa, akapeleka blanketi walilopewa harusini, na kila kimoja kiliondoka kikiwa kinaazimwa. "Makochi yangekuwa yameshakwenda zamani," akasema. "Ila hakuna mwanamume anayempelekea mwanamke mpya makochi yaliyotoka sufi. Nilikuwa nayalinda, Kalista. Yakiwa mabovu ni yangu."

Sijui kama nimewahi kuona haya kama siku hiyo. Nilitamani anipige. Nilitamani pia, na hili nalisema kwa ukweli, kumgombeza yeye: kwa nini hakuniambia? Mwaka mzima nimepanga vitambaa kama punguani, nimemdharau kimoyomoyo mbele ya fundi, na neno moja tu lingetosha. Nilimwuliza. Akasema, "Wewe ulikuwa mtoto wa watu umekuja kukaa kwangu. Ningekupa mzigo wa mume wangu?" Mpaka leo, nikiwa na wajukuu, jibu hilo linaniudhi. Nimekaa na walimu wenzangu, na wazazi wa wanafunzi, na ndugu zangu hawa kumi na wanne, na nimeona ni balaa lilelile: watu wanakuficha jambo kwa kukuheshimu, halafu wewe unavunja vyombo gizani.

Kesho yake alisema, "Vaa gauni la safari." Deo tukamwacha kwa jirani, tukapanda lori la mchele lililokuwa linarudi tupu Mpimbwe, mimi na yeye mbele kwa dereva, yuleyule aliyebeba makochi, ambaye njia nzima hakupata la kusema. Mbung'o waliingia kwa madirisha wakatuuma miguu. Mama mdogo alikuwa amejifunga kanga mpya na kubeba kikapu kitupu. Nilidhani tunakwenda kupigana. Nilikuwa nimeshajipanga kichwani nitamshika wapi huyo Editha.

Nyumba ilikuwa palepale penye bati jipya. Haikuwa na mlango. Kulikuwa na uwazi wa mlango, umezibwa kwa gunia la katani lililoning'inizwa kwa misumari miwili. Mama mdogo akapiga hodi. Aliyetoka alikuwa msichana aliyenizidi mwaka mmoja au miwili, mjamzito wa miezi ya mwisho, miguu mitupu. Alimtambua Mama mdogo mara moja, sijui vipi. Akapiga goti pale uwani kwa shida.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Inuka, utaumia."

Ndani mlikuwa na giza. Makochi yetu yalijaa chumba chote, yamebanana ukutani hadi mtu apite kwa ubavu, yamefunikwa shuka. Juu ya lile la watu wawili alikuwa amelala kuku juu ya mayai yake, akatutazama kwa jicho moja na hakusogea. Editha alitandika mkeka uwani, kivulini mwa nyumba, akatuletea maji ya kunawa. Akapika. Mama mdogo hakumzuia, naye hakuuliza tumefuata nini. Tulikula wali na samaki, perege wa Ziwa Rukwa, watatu kwenye sinia moja, mimi nikisubiri nani ataanza. Alianza Editha, macho yake kwenye sinia.

"Mama, mimi sikumwomba makochi."

"Ulimwomba nini?"

"Mlango. Fisi wanapita hapa, nikilala nawasikia wanavyonusa gunia. Nilimwambia, kabla mtoto hajaja nipate mlango. Akaniuliza napenda rangi gani, nikasema kijani. Nilidhani ni rangi ya mlango."

Mama mdogo aliacha kula. Mabega yakaanza kumtikisika, nikafikiri analia, kumbe anacheka, kicheko cha chini kilichomtoa machozi kweli. Editha alimtazama kwa hofu, kisha naye akashika tumbo lake akaanza kucheka. Mimi peke yangu sikucheka. Nilikuwa nimechoka sana na watu hawa wote watatu, yule wa Sumbawanga akiwa wa kwanza.

Kisha Mama mdogo akanawa, akavua kanga yake ya juu, akaenda kwenye ule uwazi. Alipima upana kwa kanga, akafunga fundo. Akapima urefu, akafunga jingine. "Makochi nitayachukua leo," akasema. "Mlango utakuja na gari hilihili. Wa mninga, na kitasa."

"Yachukue, mama. Nimechoka kuyafuta mavi ya kuku."

Kuku yule alihamishiwa kwenye kikapu tulichokuja nacho pamoja na mayai yake. Makochi tuliyapakia sisi na dereva, Editha akisukuma kwa kiuno ingawa tulimkataza. Juma lililofuata mlango ulikwenda. Seremala wa Shanwe aliutengeneza kwa vile vipimo vya mafundo, na kitasa kilikuwa na funguo mbili. Zote mbili Mama mdogo alizifunga kwenye karatasi na kumkabidhi dereva. "Zote kwake," akamwambia, na akamfanya arudie.

Baba mdogo alitoka Sumbawanga akapitia Kasansa kwanza. Alichoambiwa kule sikijui. Najua tu kwamba alifika Shanwe mchana wa siku ileile, dalili kwamba kule hakulala. Akaingia sebuleni, akayaona makochi ya kijani yamepangwa. Alisimama kama mgeni anayesubiri kukaribishwa. Mwishowe akakaa kwenye la mtu mmoja, ukingoni.

"Chakula kipo?" akauliza.

"Kipo jikoni," akasema Mama mdogo, akaendelea kufuma.

Akaenda kujipakulia. Waliishi pamoja miaka mingine ishirini na sita hadi Baba mdogo alipofariki, na Leokadia alizaliwa ndani ya miaka hiyo, kwa hiyo siwezi kusema ndoa ilikufa. Lakini sikumsikia tena akisema nyumba ni sebule. Kasansa Editha alijifungua mtoto wa kike, Bernadeta. Ada yake ya shule Baba mdogo aliitoa kila mwaka mbele ya mkewe, mkononi mwa mkewe, na ni Mama mdogo aliyeipeleka Kasansa.

Barua yangu ya chuo ilikuja mwezi wa kumi na mbili. Mama mdogo alinisindikiza stesheni na kopo la asali na kuku wa kukaanga. Treni ilikuwa imechelewa, tukakaa juu ya sanduku langu kwa saa nyingi. Nilikuwa sijamwomba msamaha kwa maneno, nikaanza, nikakwama. Alinikatiza.

"Ulitaka kunisaidia, najua. Siku nyingine uniulize kwanza."

Nimelifikiria neno hilo siku nyingi wiki hizi, nikiwa na fundi sebuleni. Maana kishawishi ni kilekile: niwaache hawa kumi na wanne na vidole gumba vyao, nimwambie fundi vua, weka ninachotaka mimi. Ningefanya hivyo jana. Kilichonizuia ni kwamba, nilipokuwa napitia majina ya kundi nikitafuta nani hajajibu, niliona yupo mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwuliza. Bernadeta alikuja msibani, alipika siku zote nne kwa moshi, akaondoka na gari la asubuhi, na hakuna hata mmoja wetu, mimi nikiwemo, aliyekumbuka kumwingiza kwenye kundi la watoto wa baba yake.

Nikampigia. Nilimweleza habari ya makochi, nikamwuliza yeye anaonaje.

"Dada Kalista," akasema, "hii ni mara ya kwanza mtu wa huko kuniuliza kitu."

Nikamwambia namwingiza kwenye kundi sasa hivi, aseme mwenyewe. Akasema mama yake yuko hapo pembeni, naye ana maoni. Nikasema ayaandike na hayo. Nilimwingiza, nikaweka simu mezani, nikaenda kumwambia fundi arudi Jumatatu. Niliporudi kulikuwa na ujumbe ishirini na tatu. Leokadia alikuwa amemkaribisha. Yule wa maombi alikuwa ameomba. Na Bernadeta, ambaye alikuwa kwenye kundi kwa dakika arobaini, alikuwa ameshagombana na Deo kuhusu sponji.